Kumfunza Mtoto Mdogo Kujitegemea

Siku hizi tunasikia sana maneno "stadi za maisha". Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe wazee wa pwani yetu walilijua: mtoto afundishwe kujitunza, kuishi na wenzake, na kuamua afanyeje wakati mkubwa hayupo. Wengi wetu huku Kilwa na Lindi tumezoea kuiachia kazi hii jando na unyago, au mwalimu. Lakini kungwi humpokea mwari aliyekwisha kukua. Serikali ilipozindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, Desemba 2021, ilihesabu tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Basi sehemu kubwa ya miaka hiyo hupita jikoni na uani kwetu.

Hapa Nangurukuru na tuanze na barabara, maana tunakaa njia panda. Mabasi na malori ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara hupita, na njia nyingine huelekea Kivinje na Masoko. Kumwambia mtoto "Angalia magari!" hakutoshi, kwa kuwa hajui aangalie nini. Mshike mkono, simameni pembeni, kisha mwulize yeye: Gari linatoka wapi? Liko mbali au karibu? Tuvuke sasa? Mwonyeshe pia kwamba basi lililosimama huficha lori linalokuja. Fanyeni hivyo siku nyingi, yeye akiamua nawe ukimsahihisha. Hata hivyo mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kukadiria mwendo wa gari, hata awe mwerevu namna gani. Asiachwe avuke peke yake.

Kumtuma duka la jirani akanunue chumvi na kurudisha chenji ni shule nzuri. Hukumbuka alichotumwa, huamkia watu, huhesabu. Lakini kumpeleka kila siku kituo cha mabasi na sinia la karanga mpaka usiku, hayo si mafunzo tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, nayo inakataza kazi za kumnyonya mtoto. Twajua ziko nyumba ambazo sinia hilo ndilo chakula cha jioni. Jirani mwenye nafasi na asaidie kwanza, kisha ndipo aseme.

Michezo nayo tusiidharau. Katika mdako mtoto hujifunza kuhesabu vijiwe, kungoja zamu na kukubali kushindwa. Vitendawili vya jioni humfanya afikiri. (Simu tunayompa ili anyamaze haimngojei ajibu.)

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Mtoto ajue kutaja majina yake kamili, ya mzazi wake, na kitongoji chao. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu wilayani kwetu na wasafiri wakakwama, tuliona jinsi watu wengi wanavyoweza kukusanyika mahali kwa ghafla. Mtoto akipotea katika msongamano kama huo, maneno hayo matatu humrudisha kwao. Tena ajue kukataa. Sisi humfundisha kumtii kila mkubwa, nasi twafanya vema, lakini yatupasa kumwambia wazi kwamba adabu ni kumwamkia mkubwa, si kumfuata katika jambo la siri. Mkubwa yeyote akimshika mwilini vibaya na kusema "usimwambie mama", hapo hapo amwambie mama, hata kama ni ndugu wa nyumbani. Naye mama asimpige kwa kusema. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

Mtoto wetu mdogo anaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana tulimfanyia sisi?

Akiogopa mtu fulani, je, anajua atamwambia nani?