Dharura ya Runingani na Dharura ya Duarani: Somo la Huduma ya Kwanza kutoka Msimu wa Kwanza wa Casualty kwa Watu wa Bugarama

Tarehe 6 Septemba 1986, shirika la utangazaji la BBC la Uingereza lilianza kuonesha tamthilia iitwayo Casualty, inayosimulia kazi za idara ya dharura katika hospitali ya mji wa Holby. Mji huo haupo kwenye ramani, wala hospitali yake. Vyote vilibuniwa na waandishi Jeremy Brock na Paul Unwin. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 15 na ulimalizika tarehe 27 Desemba mwaka huohuo. Tamthilia yenyewe haikumalizika: iliendelea mwaka hadi mwaka, ikawa miongoni mwa tamthilia za hospitali zilizodumu muda mrefu kuliko zote duniani.

Bugarama, katika Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, ni mahali pa aina nyingine kabisa. Ni eneo la wakulima, wafugaji na wachimbaji, jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Bulyanhulu na maduara mengi ya wachimbaji wadogo. Hata mkazi wa hapa ambaye hajawahi kuiona Casualty amekwisha kuona jamaa zake: filamu za ukumbi wa video, maarufu kama kibanda umiza, ambamo daktari hukandamiza kifua cha mgonjwa mara chache, mgonjwa akakohoa na kufumbua macho. Picha hizo huwa ndilo somo la kwanza, na pengine la pekee, ambalo mtu wa kawaida amepata kuhusu dharura.

Baada ya kusoma makala haya, msomaji anatarajiwa kuweza kueleza mambo matatu: tamthilia za hospitali zinafundisha nini kwa usahihi; zinaficha nini; na hatua zipi zichukuliwe ajali inapotokea duarani au barabarani kabla ya kufika kituoni.

1. Msimu wa kwanza ulionesha nini

Mhusika aliyebeba msimu wa 1986 hakuwa daktari bingwa. Alikuwa muuguzi kiongozi wa zamu ya usiku, Charlie Fairhead, aliyeigizwa na Derek Thompson, ambaye aliendelea na nafasi hiyo hadi mwaka 2024. Mhusika huyo alibuniwa kwa kumtazama muuguzi wa kweli wa mjini Bristol, Peter Salt, aliyekuwa pia mshauri wa waandishi. Msimu huo haukuficha uhaba wa fedha na uchovu wa watumishi, jambo lililowakera baadhi ya wanasiasa wa chama kilichokuwa madarakani.

Hapa tamthilia ilisema kweli, na ukweli huo unaihusu Bugarama moja kwa moja. Katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, anayempokea majeruhi saa nane za usiku kwa kawaida ni muuguzi au tabibu. Dakika za kwanza ni zake. Uhai wa majeruhi hautegemei tu ubingwa uliopo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Unategemea pia kama yule wa kwanza kumgusa alizuia damu, alifungua njia ya hewa, na alipiga simu mapema.

2. Tamthilia zinaficha nini

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa vipindi 97 vya maonesho matatu ya runinga ya nchi hiyo. Walikuta matukio 60 ya kukandamiza kifua ili kuurudisha moyo uliosimama. Katika matukio hayo, asilimia 75 ya wagonjwa walinusurika papo hapo, na asilimia 67 walionekana kuishi hadi kutoka hospitali. Taarifa za kitabibu za wakati huo zilionesha hali nyingine: kwa waliosimama moyo wakiwa hospitalini, walioishi kwa muda mrefu walikuwa kati ya asilimia 6.5 na 15. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Uingereza walizichunguza tamthilia za kwao, Casualty ikiwamo, wakaona kwamba hazikukuza mno kiwango cha mafanikio; kasoro yao ilikuwa kuonesha zaidi vijana na majeruhi, ilhali katika maisha moyo husimama zaidi kwa watu wazima wenye maradhi ya moyo.

Kuna mambo mengine matatu yanayofichwa.

Kwanza, mashine ya kushtua moyo. Katika filamu nyingi, mstari wa moyo ukinyooka, daktari humpiga mgonjwa shoti ya umeme. Katika tiba halisi, mstari ulionyooka haupigwi shoti. Shoti ni kwa moyo unaotetemeka bila mpangilio. Moyo ulionyamaza kabisa huhitaji kukandamizwa kifua, kupewa hewa na dawa ya adrenalini, na kutafutiwa chanzo.

Pili, umbali. Kamera hukata safari. Barabara ya vumbi haikati.

Tatu, yanayofuata baada ya kuokolewa. Filamu huishia pale mtu anapotolewa kifusini huku umati ukishangilia. Kwa mwili, huo huwa mwanzo wa hatari nyingine, kama itakavyoelezwa.

3. Hadithi hudhuru, na hadithi huponya

Mwaka 1996 Casualty ilionesha kipindi chenye mgonjwa aliyejidhuru kwa kuzidisha dawa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, ulikuta kwamba idadi ya watu waliofikishwa hospitalini kwa kujidhuru kwa sumu au dawa iliongezeka kwa asilimia 17 katika juma la kwanza baada ya kipindi hicho, na asilimia 9 katika juma la pili. Fundisho kwa mtoa elimu ya afya ni kwamba katika mikutano ya kijiji au redioni, njia ya kujidhuru haielezwi. Kinachoelezwa ni dalili za mtu aliyeelemewa, na mahali pa kupata msaada. Mtu mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Upande wa pili, Tanzania ina ushahidi wake kwamba hadithi huponya. Kuanzia mwaka 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, uliomsimulia dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyeamua kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mkwaju alipata UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha. Katika maeneo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na wasikilizaji wengi walieleza kuwa wamebadili mwenendo wao ili kujikinga na virusi vya UKIMWI. Mkwaju hakuhubiri, aliishi makosa yake mbele ya wasikilizaji, na kila mmoja akamfahamu jirani anayefanana naye.

4. Dharura za duarani: hatua za kuchukua

*Hewa chafu.* Kipindi cha kwanza kabisa cha Casualty kiliitwa "Gas". Jina hilo lingefaa kuandikwa kwenye mdomo wa kila duara. Pampu ya petroli au dizeli inayonguruma ndani ya shimo, na moshi wa baruti baada ya mlipuko, huacha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huzimia. Mara nyingi ndugu huteremka kumfuata, naye akaanguka. Wa tatu akafuata. Kanuni ni moja: asiteremke mtu asiye na kifaa cha kupumulia na kamba. Injini ibaki juu, hewa ipulizwe ndani, waokoaji waitwe. Mshumaa unaweza kuzimika oksijeni ikipungua, lakini hauwezi kuonesha kaboni monoksidi.

Kwa mtoa huduma: mgonjwa huyu apewe oksijeni nyingi kadiri inavyopatikana, bila kusubiri vipimo. Kipimo cha kidoleni kisiaminiwe hapa. Kinaweza kuonesha asilimia 98 huku mgonjwa anakufa, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na gesi hiyo.

*Kifusi.* Mwezi Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwenzao wa sita alifia chini. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 waliofukiwa walitolewa wote hai baada ya siku kadhaa. Matukio haya yanafundisha kwamba utafutaji usikatishwe mapema. Yanafundisha pia kwamba tiba ianze kabla ya shangwe.

Mguu au paja likibanwa na mawe kwa zaidi ya saa moja, misuli huanza kufa. Jiwe likiondolewa, potasiamu na takataka za misuli huingia ghafla kwenye damu. Moyo unaweza kusimama na figo zikaharibika. Ndiyo maana majeruhi huweza kuongea vizuri akiwa chini ya jiwe, kisha akafariki dakika chache baada ya kutolewa. Kwa jamii: atolewe mapema kadiri usalama unavyoruhusu, na waokoaji wakumbuke saa aliyobanwa ili kumweleza mtoa huduma. Kwa mtoa huduma: ikiwezekana, dripu ya maji ya chumvi ianze kabla jiwe halijaondolewa, takriban lita moja kwa saa kwa mtu mzima. Dripu ya Ringer iepukwe kwa kuwa ina potasiamu. Mkojo uangaliwe, ukiwa na rangi ya chai ya rangi, figo zimo hatarini.

Aliyekaa siku nyingi bila chakula naye asipewe sahani ya ugali na nyama kwa furaha ya kumpata. Chakula kingi cha ghafla hushusha fosfeti na potasiamu kwenye damu na huweza kuua. Aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi, akipewa vitamini B1 mapema.

*Damu.* Kidonda kibanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia ili kuchungulia. Kitu kilichochoma mwilini kisichomolewe. Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kukoma, ufungwe mkanda mpana sentimita 5 hadi 8 juu ya kidonda, si juu ya kiungo, ukazwe hadi damu ikome, na saa iandikwe. Kahawa, unga na majani havizuii damu, huongeza uchafu.

*Mgongo na njia ya hewa.* Aliyeangukia duarani au kutoka kwenye bodaboda achukuliwe kama aliyevunjika shingo hadi ithibitike vinginevyo. Abebwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, juu ya ubao. Asikalishwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, mwili wote ukigeuzwa pamoja, ili matapishi yasimsonge.

*Moyo.* Asiyeitika na asiyepumua kwa kawaida akandamizwe katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa apulize pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa aendelee kukandamiza tu. Wabadilishane kila dakika mbili. Wengi hawatarudi, na ndugu waelezwe hivyo kwa upole. Lakini asiyekandamizwa kabisa hana nafasi hata moja.

5. Safari ya kwenda kituoni

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ya polisi ni 112. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, ipo namba 115 ya mfumo wa m-mama. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya mfumo huo kabla haujazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Pale gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo humwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, akalipwa kwa simu. Kikundi cha wachimbaji kinaweza kujifunza kutokana na utaratibu huu: kiwe na orodha ya madereva watatu waliokubali kuitwa usiku, machela moja, na sanduku la huduma ya kwanza lisilofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mjini.

6. Majeruhi wengi kwa wakati mmoja

Wanapofika majeruhi kumi, anayepiga kelele zaidi siye lazima aliye hatarini zaidi. Anayelia ana pumzi. Mtoa huduma aanze kwa kupita kwa wote haraka: wasiopumua vizuri, wanaovuja damu nyingi na waliopoteza fahamu huhudumiwa kwanza (nyekundu), wenye majeraha makubwa lakini walio imara hufuata (njano), wanaotembea husubiri (kijani), na hupimwa tena, maana kijani huweza kugeuka nyekundu ndani ya nusu saa.

Maswali ya majadiliano

1. Katika machimbo au kijiji chenu, nani anajua kuzuia damu na kukandamiza kifua? Zamu ya usiku ina mtu kama huyo?
2. Kwa nini kipimo cha kidoleni hakitoshi kwa mgonjwa aliyevuta moshi duarani?
3. Mchimbaji amebanwa mguu kwa saa tatu na anaongea vizuri. Timu iandae nini kabla ya kuondoa jiwe?
4. Ikiwa kikundi chenu kitatunga mchezo mfupi wa redio kuhusu ajali ya duarani, ni kosa gani la kweli mhusika wake atalifanya, na wasikilizaji watajifunza nini kwa kumsikia akilifanya?