Majibu ya Kulwa Yasiende kwa Doto: Msimbomilia na Simu Janja katika Huduma za Afya Mkoani Simiyu

Utangulizi

Katika nchi ya Wasukuma, mapacha huja na majina yao. Anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayemfuata huitwa Doto, na mtoto azaliwaye baada yao huitwa Shija. Wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, wa kike huitwa Kabula. Majina haya ni hazina, kwa kuwa kila moja limebeba habari ya siku ambayo mtu aliingia duniani. Hata hivyo, katika dirisha la mapokezi ya maabara, hazina hiyo hugeuka kuwa mtego.

Tuchukue mfano. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) anawaleta mapacha wake wa wiki sita katika kliniki ya baba, mama na mtoto, hapa Bariadi. Kila mtoto anatobolewa kisigino, na matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu ili yasafirishwe kwenda kupimwa. Fomu mbili zinajazwa. Mama ni mmoja, jina la baba ni moja, kijiji ni kimoja, tarehe ya kuzaliwa ni moja. Kinachozitenganisha fomu hizo ni neno moja tu: Kulwa au Doto. Iwapo mmoja wao ameambukizwa na karatasi zikabadilishana, mwenye maambukizi ataambiwa yu salama, na aliye salama ataanzishiwa dawa zisizomhusu. Tunajua kwamba takriban nusu ya watoto waliozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili wasipotibiwa. Kosa la neno moja laweza kuwa kosa la uhai.

Somo hili linaeleza namna msimbomilia, ambao wengi huuita bakodi, ukisomwa kwa simu janja au kishikwambi, unavyoweza kupunguza makosa ya aina hiyo. Linaeleza pia mahali ambapo chombo hicho hakisaidii, kwa sababu kukitegemea kupita kiasi nako kuna madhara yake.

Kwa nini jina peke yake halitoshi

Kufanana kwa majina ni tatizo la kwanza. La pili ni tahajia. Wenyeji wengi wa kanda yetu hawatofautishi sauti za r na l katika matamshi, hivyo Mariamu aliyeandikwa leo huweza kuwa Maliamu kesho. Kwa binadamu huyo ni mtu yuleyule. Kwa kompyuta ni watu wawili. La tatu ni tarehe ya kuzaliwa: wazee wengi hawaijui kwa hakika, na karani hukadiria mwaka kila wanapokuja.

Namba ya utambulisho ilibuniwa ili kuondoa utata huo, lakini namba nayo huandikwa kwa mkono. Namba ya mteja wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) ina tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita za mteja. Mtumishi huinakili kwenye kadi, kwenye fomu ya kipimo, kwenye chupa ya sampuli na kwenye rejesta. Hizo ni tarakimu 56 kwa mgonjwa mmoja. Anayehudumia wagonjwa 40 kwa siku, tena akiwa peke yake katika zahanati, huandika tarakimu 2,240. Hakuna mkono usiochoka.

Msimbomilia husomwaje

Wazo la kuandika namba kwa mistari si geni. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza yake mwaka 1952. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbo wa aina tunayoiona leo madukani.

Mistari hiyo ni namba iliyoandikwa kwa weusi na weupe. Mstari mweusi hufyonza mwanga, nafasi nyeupe huurudisha. Chombo hupima upana wa kila mstari na kila nafasi, kisha hubadili vipimo hivyo kuwa tarakimu. Simu janja hufanya kazi hiyo kwa kamera yake: programu hutafuta kingo za mistari katika picha na kuzitafsiri.

Ubora wake mkubwa ni kwamba misimbo mingi hujikagua. Tarakimu ya mwisho ya msimbo wa bidhaa wenye tarakimu 13 ni ya ukaguzi. Tutazame namba ya mfano 6201234567893. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+0+2+4+6+8 ni 26. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 2+1+3+5+7+9 ni 27, zidisha kwa 3 upate 81. Jumla kuu ni 107. Ili kufikia kumi inayofuata, yaani 110, inahitajika 3, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Mtu akikosea na kuandika 54 mahali pa 45, jumla kuu huwa 105, na tarakimu ya ukaguzi ingepaswa kuwa 5. Programu huikataa namba hiyo papo hapo. Ukaguzi huu haunasi kila kosa: tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi, kosa hupita. Ndiyo maana ni bora namba isomwe kwa kamera kuliko kuchapwa kwa vidole.

Mbali na misimbo ya mistari, ipo ya miraba. Msimbo wa QR ulibuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari. Hubeba taarifa nyingi katika eneo dogo na, ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha usahihishaji, husomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiharibika. Nduguye, DataMatrix, huonekana kwenye maboksi ya dawa na chanjo, na huweza kubeba namba ya bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi kwa pamoja.

Kazi ya programu

Kamera husoma tu. Programu ndiyo inayofanya usomaji huo uwe na maana. Programu nzuri ya kukusanyia data kwa simu hufanya mambo manne.

Kwanza, huunganisha namba iliyosomwa na fomu ya mgonjwa, pamoja na saa, tarehe na jina la mtumishi. Pili, hukagua: namba ikiwa fupi, au ikiwa imekwisha kutumika kwa mgonjwa mwingine, hutoa onyo kabla mgonjwa hajaondoka. Tatu, hufanya kazi bila mtandao. Huhifadhi fomu ndani ya simu na kuzituma kwenye seva mtandao unapopatikana. Kwa zahanati zilizo mbali katika Meatu au Itilima, hili ni sharti. Nne, hufunga taarifa kwa nywila ili simu ikipotea siri zisisambae.

Programu za namna hii zipo na baadhi ni za bure. Open Data Kit, maarufu kama ODK, ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Fomu zake huweza kuandikwa kwa Kiswahili, na mojawapo ya aina za maswali yake ni la kusoma msimbo kwa kamera.

Nchini mwetu, uzoefu ulio karibu zaidi na somo hili ni mfumo wa kielektroniki wa kusajili chanjo, TImR, ulioanzia Mkoa wa Arusha kwa ushirikiano wa Serikali na shirika la PATH, kisha ukaenea katika mikoa mingine, ikiwamo Tanga na Kilimanjaro. Mtoto hupewa msimbo unaobandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Muuguzi huusoma kwa kishikwambi na kuona chanjo alizopata na anazodaiwa. Na Sensa ya Agosti 2022 ilituonyesha kwamba watu wetu wakifundishwa, kishikwambi hakiwashindi: kazi hiyo ilifanyika hadi vijijini kote Simiyu, mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.

Msimbo hulinda safari, haulindi mwanzo

Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kutumia misimbo wakati wa kutoa dawa wodini. Makosa ya utoaji dawa, ukiacha yale ya muda, yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8. Ni mafanikio makubwa, lakini hayakufika sifuri.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, unatusaidia kuelewa sababu. Ulibaini njia 15 ambazo wauguzi walizitumia kukwepa utaratibu wa kusoma msimbo. Baadhi walibandika nakala za misimbo ya wagonjwa mahali pengine, hata kwenye miimo ya milango, ili wasihangaike kusoma ule wa mkononi mwa mgonjwa. Ulibaini pia sababu 31 za kukwepa huko, zikiwamo msimbo uliochakaa, betri kuisha na mtandao kukatika. Tusiharakishe kuwalaumu wauguzi hao. Chombo kisipofanya kazi, mgonjwa hangoji.

Turejee kwa mapacha wetu. Msimbo utahakikisha kwamba karatasi iliyotoka Bariadi kwa njia ya Lamadi hadi maabara ya rufaa jijini Mwanza ndiyo hiyohiyo iliyopimwa, na kwamba majibu yanarudi kwenye namba hiyohiyo. Lakini iwapo muuguzi alibandika lebo ya Kulwa kwenye karatasi ya Doto pale mwanzoni, mfumo mzima utalisafirisha kosa hilo kwa uaminifu, bila kulitilia shaka, na kila atakayeliona kwenye kioo ataliamini. Kosa la mwandiko mbaya hujionyesha. Kosa la msimbo huvaa nguo safi.

Mambo ya kuzingatia kazini

1. Muulize mgonjwa au mlezi ataje jina kamili na utambulisho wa pili. Usiseme, "Wewe ni Kabula?" Wengi huitikia kwa heshima tu. Sema, "Naomba unitajie jina lako na la baba."

2. Usibandike lebo kwenye chupa tupu kabla ya kuchukua sampuli, wala usiibebe sampuli isiyo na lebo kwenda mezani. Chukua, bandika, soma msimbo, palepale mbele ya mgonjwa.

3. Kwa mapacha, maliza kwa mmoja kabisa ndipo uanze kwa mwingine. Mpokee wa pili baada ya sampuli ya kwanza kusomwa na kuhifadhiwa.

4. Tumia lebo zilizochapwa kwa seti ya nakala tatu: moja ya sampuli, moja ya fomu, moja ya rejesta. Haribu zilizobaki.

5. Bandika lebo kwa kufuata urefu wa chupa. Ikizungushwa, mistari hupinda na kamera haiioni yote. Acha pia nafasi nyeupe pande zote mbili za mistari.

6. Chagua lebo isiyofutika kwa maji. Chupa itokayo kwenye kisanduku cha baridi hutoa umande, na wino dhaifu hutiririka.

7. Futa kioo cha kamera. Vumbi la kiangazi hukitia ukungu. Juani, kinga msimbo kwa kivuli cha mwili wako.

8. Kila asubuhi hakikisha tarehe ya simu ni sahihi na betri imejaa. Kila jioni hakikisha fomu zote zimetumwa. Linganisha idadi ya fomu na rejesta ya MTUHA. Zikitofautiana, tafuta sababu siku hiyohiyo.

9. Msimbo usiposomeka, andika namba kwa mkono, mwenzako aihakiki, na uandike sababu. Sababu hizo ndizo zitakazomwonyesha msimamizi kinachohitaji kurekebishwa.

Neno kwa mgonjwa na mlezi

Ndugu msomaji uliye mgonjwa au mlezi, mistari iliyo kwenye kadi yako kwa kawaida hubeba namba tu. Habari za ugonjwa wako huwa kwenye mfumo, na ni watumishi walioidhinishwa pekee wanaopaswa kuzifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumika kwa kazi gani. Usiruhusu kadi yako ipigwe picha na kutumwa katika makundi ya simu.

Itunze kadi kwenye mfuko wa plastiki, usiikunje penye msimbo, wala usimwazime mwingine. Lebo inapobandikwa, iangalie. Kama husomi, omba usomewe. Kuuliza "Je, hili ni jina la mwanangu?" si utovu wa adabu. Kwa mama wa mapacha, swali hilo ni sehemu ya matibabu.

Jihadhari pia na imani kwamba msimbo kwenye boksi la dawa huthibitisha kuwa dawa ni halisi. Tarakimu 620 mwanzoni huonyesha kwamba namba ilitolewa kupitia GS1 Tanzania. Si ushahidi wa ubora, wala wa mahali dawa ilikotengenezwa. Mistari hunakiliwa kama maandishi mengine. Nunua dawa katika maduka yaliyosajiliwa, na ukiwa na shaka mwone mfamasia.

Hitimisho

Simu janja na msimbo havimwondoi mtumishi. Humpunguzia tarakimu 2,240 za kila siku ili macho yake yarudi kwa mgonjwa. Nafuu hiyo itakuwa na faida iwapo muda uliookolewa utatumika kuuliza jina kwa utulivu kabla ya kubandika lebo. Kulwa na Doto walizaliwa siku moja na watafanana maisha yao yote. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba katika faili zetu hawafanani kamwe.