Msumeno wa Kale

Watu wengi wauonapo msumeno uliojaa kutu husema kwamba umekufa. Maneno hayo si kweli daima. Kutu huanza kula uso wa chuma, na chini yake mara nyingi feleji, yaani chuma kigumu, ingali nzima. Ajuaye kuchunguza aweza kuufufua msumeno uliolala darini miaka mingi. Asiyejua huuza kwa uzito, kama chuma kikuukuu, chombo ambacho kingemlisha yeye na watoto wake.

Murongo ni mji mdogo ulio kando ya mto Kagera, katika wilaya ya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012. Ng'ambo ya mto ni Kikagati, katika nchi ya Uganda. Watu wa pande hizi hawakuanza jana kuheshimu chuma. Mfalme Rumanyika wa Karagwe, aliyetembelewa na Speke mwaka 1861, alikuwa na hazina ya vitu vya chuma na shaba, na miongoni mwake sanamu za ng'ombe. Tena mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba wafua chuma wa upande wa magharibi wa ziwa Viktoria walitengeneza feleji katika tanuru zao yapata miaka 1,500 hata 2,000 iliyopita.

Lakini msumeno wa bapa pana wenye mpini wa mti ulitoka ng'ambo. Misumeno mingi iliyosifiwa ilifanyizwa Sheffield, mji wa Uingereza, na Philadelphia, mji wa Marekani, ambako Henry Disston alianza kazi yake mwaka 1840. Jamaa yake waliuza kiwanda hicho mwaka 1955. Katika mpini wa msumeno wa Disston kuna kifungo cha shaba chenye jina la kiwanda, na kwa kuwa alama yake ilibadilishwa mara kwa mara, wakusanyaji wa misumeno huitazama wakapata kukisia umri wa chombo.

Labda mtu atauliza, Kwa nini kujitaabisha na chombo kikuukuu, na mipya imo madukani? Jibu limo katika meno. Misumeno mingi ya siku hizi meno yake yametiwa ugumu kiwandani, hata tupa huteleza juu yake. Mwanzo ni mikali sana. Lakini ukali ukiisha hauna dawa, msumeno hutupwa. Meno ya msumeno wa kale hukubali tupa. Fundi huunoa leo, na mwakani, na mwanawe huunoa baada yake. Walakini kila kunoa hula bapa kidogo, kwa hiyo fundi mwenye busara hanoi bila haja.

Kazi ya kwanza ni kuchunguza. Fundi huangalia mgongo wa msumeno kwa jicho moja, kama mtu alengaye shabaha, apate kujua kama umenyooka. Kisha hulipinda bapa kidogo na kuliachia. Bapa jema hurudi likanyooka lenyewe. Tena huitazama kutu: ikiwa imechimba mashimo karibu na meno, meno hayo hayatapata ukali mwema, tena huvunjika upesi. Msumeno wa namna hiyo afadhali upewe mhunzi aufanye visu.

Kazi ya pili ni kusafisha. Mpini hufunguliwa, na parafujo zake huwekwa mahali pamoja zisipotee. Bapa hupakwa mafuta ya taa mpaka kutu ilainike, ndipo hukwanguliwa polepole na kusuguliwa kwa msasa uliofungwa juu ya kipande cha mti, kwa kufuata urefu wa bapa. Mahali palipoandikwa jina la kiwanda pasisuguliwe sana, maana alama ikifutika hairudi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuutia msumeno motoni ili kutu iungue. Moto mkali huondoa ugumu wa feleji, na hapo msumeno umekufa kweli.

Kazi ya tatu ni kunoa. Msumeno hubanwa katika jiliwa kati ya vibao viwili, meno juu. Tupa bapa hupitishwa juu ya ncha mpaka meno yote yawe na kimo kimoja. Kisha kila jino hupindwa kidogo, moja kuume, la pili kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bapa. Bila hivyo bapa hubanwa na mti. Mwisho huja tupa ya pembe tatu. Msumeno wa kupasulia mbao kwa urefu, wenye meno kama 5 au 6 katika inchi moja, hunolewa tupa ikikingama bapa sawasawa, na jino huwa kama patasi. Msumeno wa kukatia mbao kwa upana, wenye meno kama 8 au zaidi, hunolewa tupa ikienda mshazari, na jino huwa kama kisu.

Kazi hii imewafaa watu wengi. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1980, watu wa kujitolea wa chama kiitwacho Tools for Self Reliance walikusanya zana zilizoachwa, wakazisafisha, wakazinoa, wakazipeleka kwa mafundi wa Afrika, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizopelekewa. Zana hizo zilikuwa zimelala bure katika nyumba za wenyewe. Mikononi mwa mafundi zilifanya milango, viti na vitanda.

Basi kijana wa Murongo aliyerithi msumeno wa babu yake asiupeleke upesi penye mizani. Auchunguze kwanza. Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Maswali
1. Kwa nini misumeno mingi ya siku hizi hainoleki?
2. Fundi hujuaje kwamba bapa ni jema?
3. Moto huharibu nini katika msumeno?
4. Eleza tofauti ya meno ya kupasulia na meno ya kukatia.