MKOJO UNA SUKARI: KIPIMO KINASEMA NINI, NA HAKISEMI NINI?



Ndugu wasomaji, ugonjwa wa kisukari si mgeni tena katika familia zetu. Wengi wetu tumewahi kupimwa mkojo na kuambiwa, "Una sukari," au, "Hauna sukari." Aliyeambiwa anayo hurudi nyumbani na hofu, na aliyeambiwa hana hurudi na furaha. Lakini mara nyingine hofu ile haina msingi, na mara nyingine furaha ile ni ya hatari. Kwa hiyo katika somo la mwezi huu tutajifunza jinsi sukari inavyotambuliwa katika mkojo, ili tujue la kuuliza tunapopewa majibu.

1. Mwanzo: sisimizi na ulimi

Tangu zamani za kale waganga wa India waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani huvuta sisimizi. Ugonjwa huo wakauita kwa jina lenye maana ya "mkojo wa asali". Mwaka 1674 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kuwa mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu. Alijuaje? Kwa kuuonja, maana wakati huo hapakuwa na njia nyingine.

Mwaka 1776 daktari Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yote yakakauka. Kilichobaki kilikuwa kama sukari kwa harufu na ladha. Tena aliona kwamba hata damu ya mgonjwa huyo ilikuwa na utamu. Hivyo ilijulikana kuwa sukari haianzii katika figo, bali imo katika damu. Mwaka 1815 Mfaransa Michel Chevreul alionyesha kuwa sukari hiyo ni sawa na ile ya zabibu, ambayo leo tunaiita glukosi.

2. Dawa ya bluu inayobadilika rangi

Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Mmarekani, Stanley Benedict, alitengeneza dawa ya kupimia ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Wakulima wa kahawa wanaufahamu mrututu, ile dawa ya bluu ya kuzuia magonjwa ya mimea. Bluu yake inatokana na madini ya shaba. Benedict aliuchanganya mrututu na chumvi mbili: moja ni ya jamii ya magadi, na nyingine inatokana na asidi iliyomo katika ndimu. Chumvi hii ya pili huishikilia shaba isituame chini.

Mtaalamu wa maabara huweka mililita 5 za dawa hiyo katika neli ya kioo, huongeza matone 8 ya mkojo, kisha huisimamisha neli ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 5. Kama sukari inayohusika ipo, huibadilisha shaba; nayo shaba huacha kuwa bluu na kutuama kama unga mwekundu. Majibu husomwa hivi:

- Bluu: hakuna sukari inayoonekana.
- Kijani: ipo kidogo.
- Njano: ipo zaidi.
- Rangi ya chungwa: ni nyingi.
- Nyekundu ya tofali: ni nyingi sana, kama gramu 2 au zaidi katika kila mililita 100 za mkojo.

Tafadhali, jambo hili lisijaribiwe jikoni. Mrututu ni sumu.

3. Sukari si moja

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ukiweka sukari ya chai katika dawa ya Benedict na kuchemsha, dawa itabaki bluu! Wanafunzi wa sekondari wanalijua hilo. Sukari ya chai, yaani sukrosi, ni lazima kwanza ichemshwe na asidi ili ivunjike kuwa glukosi na fruktosi, ndipo rangi itabadilika.

Kwa upande mwingine, dawa hiyo haibadilishwi na glukosi peke yake. Fruktosi ya matunda na asali huibadilisha. Laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, huibadilisha. Galaktosi pia huibadilisha. Hata vitamini C ikizidi mno katika mkojo inaweza kuibadilisha. Kwa maneno mengine, kipimo cha Benedict kinatuambia kuwa mmoja wa ukoo huo yupo mlangoni, lakini hakitutajii jina lake.

Tuchukue mfano. Mama ananyonyesha mtoto wa wiki tatu. Mkojo wake unapimwa kwa dawa ya Benedict na kuwa kijani. Je, ana kisukari? Pengine hapana. Mama anayenyonyesha, au aliye karibu kujifungua, anaweza kuwa na laktosi katika mkojo kwa sababu maziwa yanatengenezwa mwilini mwake. Si ugonjwa. Kumwachisha kunyonyesha, au kumnyima chakula kwa hofu ya kisukari, ni kumwonea yeye na mtoto wake.

4. Kijiti kinachotambua glukosi tu

Mwaka 1956 huko Marekani kilianza kuuzwa kijiti cha kuchovya katika mkojo, kazi ya wanakemia wawili waliokuwa mke na mume, Helen na Alfred Free. Ncha ya kijiti ina kimeng'enya kinachotokana na kuvu. Kimeng'enya hicho ni kama kufuli lenye ufunguo mmoja: glukosi ikija, rangi hubadilika, laktosi au galaktosi ikija, hakuna kinachotokea. Vijiti vya namna hiyo ndivyo vinavyotumika sana sasa katika zahanati na kliniki za wajawazito.

Kwa kulinganisha vipimo hivi viwili mtaalamu anaweza kutambua jambo. Ikiwa dawa ya Benedict imebadilika na kijiti hakikubadilika, basi kilichopo kinaweza kuwa sukari nyingine. Kwa mama anayenyonyesha, hilo huelekeza kwenye laktosi. Kwa mtoto mchanga anayetapika, mwenye macho ya manjano na asiyeongezeka uzito, linaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa nadra ambao mwili wake hauwezi kuitumia galaktosi. Mtoto mwenye hali hiyo apelekwe hospitali mara moja, maana maziwa yenyewe yanaweza kumdhuru. Lakini narudia: ni ugonjwa wa nadra. Akina mama waendelee kunyonyesha bila hofu.

5. Mambo matatu ya kukumbuka

Kwanza, mkojo usio na sukari hauthibitishi kuwa huna kisukari. Figo ni kama ukingo wa bwawa. Glukosi humwagika katika mkojo pale tu inapopita ukingo huo, ambao kwa watu wengi ni karibu milimoli 10 katika lita moja ya damu. Lakini kisukari huhesabiwa tangu milimoli 7 kwa mtu aliyepimwa damu asubuhi kabla ya kula. Mtu mwenye 8 tayari ana ugonjwa, na huenda mkojo wake ni safi kabisa! Kwa hiyo mgonjwa asiache dawa kwa sababu mkojo umeonekana safi, na tusingojee sisimizi waje chooni kutupima.

Pili, mkojo wenye sukari si hukumu. Mjamzito anaweza kupitisha glukosi kidogo kwa sababu ukingo wa figo zake umeshuka. Aidha, siku hizi zipo dawa za kisukari ambazo kazi yake ni kuitoa glukosi kwa njia ya mkojo. Anayezitumia atapata majibu ya "sukari ipo" hata kama damu yake iko vizuri. Hata hivyo, majibu haya yasipuuzwe. Hatua inayofuata ni kupima damu. Milimoli 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi saa yoyote pamoja na dalili za ugonjwa, ni kisukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha.

Tatu, mtoto asicheleweshwe. Mtoto anayekunywa maji mno, anayekojoa mara nyingi, aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, na anayekonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, kusinzia, au pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva sana, kila saa ina thamani. Watoto wa namna hii hutibiwa malaria peke yake, au husemwa kuwa wamerogwa, mpaka wanapoteza fahamu. Kipimo cha dakika chache kingewaokoa. Mzazi usione haya kumwambia mganga wa zahanati: "Tunaomba apimwe na sukari."

Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Januari mwaka huo, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa insulini. Aliishi miaka mingine 13. Leo mtoto anayegunduliwa mapema na kupata insulini kila siku anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea familia yake mwenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba kwenda kupimwa ni kukosa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumwomba Mungu tunapougua, na pia kumpa daktari nafasi yake, maana naye ni wa Mungu. Tusali, na twende tukapimwe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kwa nini kipimo cha Benedict hakitoshi kusema kwamba mtu ana kisukari?
2. Jirani anasema amepona kwa sababu mkojo wake hauna sukari. Mtamshauri nini?
3. Ni dalili zipi za mtoto zinazotupasa kukimbilia kipimo cha sukari?
4. Je, zahanati iliyo karibu nasi inapima sukari ya damu? Kama haipimi, tutamsaidiaje mgonjwa kufika penye kipimo?