Kilimambogo: Jina la Mlima Njiani Kaskazini mwa Machakos

Msafiri atokaye mjini Machakos kuelekea kaskazini, akipitia Kangundo na Tala, huishia chini ya mlima wenye urefu wa mita 2,145 uliofanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1967. Jina rasmi la mbuga hiyo, Ol Donyo Sabuk, ni la Kimaasai, nalo lamaanisha mlima mkubwa. Kiambishi *ol-* ni cha jinsia ya kiume, na katika lugha hiyo aghalabu hubeba dhana ya ukubwa.

Kiswahili nacho chauita Kilimambogo, yaani kilima cha mbogo, na mbogo wenyewe wangali msituni humo. Je, *ki-* ya udogo imeudunisha mlima uliosifiwa na Wamaasai? La hasha. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, nao waanza vivyo hivyo, na wasemaji huongeza neno jingine mbele: Mlima Kilimanjaro. Lau wangali wakisikia *kilima* ndani ya jina hilo, nyongeza hiyo ingewakera kwa urudufu wake. Kwa hiyo upatanisho ufaao ni "Kilimambogo unaonekana", wala si "kinaonekana".