Daudi Alipocheza Mbele za Sanduku

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Samweli 6, 1 Nyakati 15, Kutoka 14:13, 14, 15:19–21, 32:1–19, 1 Wafalme 18:25–39, Matendo 3:1–10.

Fungu la Kukariri: 2 Samweli 6:21.

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, Sola na vijiji vingine vya mkoa wa Simiyu huingia katika msimu wa ngoma. Kila Msukuma anayajua majina mawili: Bagalu na Bagika. Vyama hivi vilianza katika karne ya 19, chini ya Gumha na Ngika, waganga wawili walioshindana ni nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi. Mpaka leo pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mwamuzi ni umati. Upande unaovuta watu wengi ndio mshindi. Ndiyo maana manju wengi hutafuta samba, yaani dawa ya mvuto, kabla ya kuingia uwanjani.

Injili ya Waadventista ililetwa Usukuma na wamishonari kutoka Ujerumani, ambao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walikuwa na vituo katika nchi ya Ntuzu na Kanadi. Tangu hapo kubatizwa kumeeleweka pia kuwa ni kuacha ngoma. Wengine walichagua njia nyingine. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada ya Kikatoliki miaka ya 1950, na sherehe ya Bulabo huwakutanisha Bagalu na Bagika kila mwaka karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kijana Mwadventista wa Sola anayaona hayo, kisha anafungua Biblia na kumkuta Daudi akicheza. Swali lake ni la haki: je, kucheza kunaweza kuwa ibada? Kunaweza kuwa maombi?

JUMAPILI
Baada ya Bahari

Soma Kutoka 14:13, 14 na 15:19–21. Israeli waliambiwa wafanye nini kabla ya bahari kugawanyika, na walifanya nini baada ya kuvuka?

Usiku ule majeshi ya Farao yalikuwa nyuma yao na maji mbele yao. Agizo walilopewa lilikuwa kusimama na kunyamaza. Hakuna tari lililopigwa ili bahari ifunguke. Miriamu alitwaa tari lake ng'ambo ya pili, wakati maadui walikuwa wameshalala wafu ufuoni, na wanawake wakamfuata kwa kucheza.

Utaratibu huo unaonekana kwingine pia. Wanawake walitoka kumlaki Sauli na Daudi baada ya Mfilisti kuanguka (1 Samweli 18:6). Katika mfano wa mwana mpotevu, sauti ya kucheza ilisikika baada ya kijana kurudi nyumbani (Luka 15:25). Kucheza kulikuwa jibu kwa jambo ambalo tayari lilikuwa limetendeka.

JUMATATU
Kucheza kwa Kuita

Soma Kutoka 32:1–6, 17–19 na 1 Wafalme 18:25–39. Wachezaji wa sehemu hizi mbili walitaka kupata nini?

Angalia Kutoka 32:5. Haruni aliitangaza karamu ile kuwa ni ya Bwana. Jina lilikuwa sahihi kabisa, lakini watu walikuwa wamechoka kumngoja Mungu asiyeonekana, nao wakajifanyia mmoja wa kuwatangulia. Pale Karmeli manabii wa Baali walirukaruka kuizunguka madhabahu tangu asubuhi, wakajikata kwa visu, na hakuna sauti iliyojibu. Sala ya Eliya inatosha katika mafungu mawili. Alisimama, akaomba, na moto ukashuka.

Hapa ndipo jambo la samba linapogusa. Anayeitumia anaamini kwamba kuna nguvu inayoweza kuvutwa kwa dawa na kwa mwendo wa mwili, naye hucheza ili avute. Si kila ngoma ya Usukuma iko hivyo. Bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilitokana na kazi ya kulima pamoja, na lengo lake lilikuwa shamba liishe. Haifai kuziweka ngoma zote katika kapu moja. Lakini pale ambapo mwili unatumiwa kulazimisha mbingu, au kulazimisha umati, uwanja na kanisa vinafanana.

JUMANNE
Hatua Sita

Soma 2 Samweli 6:1–15 na 1 Nyakati 15:1–15, 25–28. Safari ya kwanza ya sanduku ilitofautianaje na ya pili?

Ni rahisi kudhani kwamba safari ya kwanza ilikosa furaha. Haikukosa. Daudi alikusanya watu 30,000, vinanda vya kila namna vikapigwa, na Israeli wote wakashangilia kwa nguvu. Sanduku lilikuwa juu ya gari jipya, wazo ambalo Wafilisti walikuwa wamelitumia kabla yao (1 Samweli 6:7). Kisha ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyosha mkono, na shangwe ikageuka kuwa msiba. Wingi wa watu, ubora wa muziki na uchangamfu wa mfalme havikuziba pengo la kutotii. Baadaye Daudi mwenyewe alikiri kwamba hawakumtafuta Mungu kama alivyoagiza (1 Nyakati 15:13).

Sanduku likakaa nyumbani kwa Obed-edomu miezi mitatu. Daudi aliogopa. Alipopata habari kwamba Bwana ameibariki nyumba ile, alikwenda tena, safari hii na Walawi waliolibeba mabegani kwa miti yake, kama Musa alivyoagiza.

Kisha Biblia inataja jambo dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Wachukuzi walipokwenda hatua sita, Daudi alisimama na kutoa dhabihu. Hebu wazia hatua hizo. Kila mtu pale alikumbuka mahali Uza alipoanguka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyekufa. Ya nne, ya tano, ya sita, wote wazima. Damu ikamwagwa, ndipo katika fungu la 14 tunasoma kwamba Daudi alicheza kwa nguvu zake zote. Alikuwa mtu aliyehurumiwa, na miguu yake ilijua hivyo.

Angalia pia mavazi. Manju huvaa ili aonekane. Daudi alivaa kitani, vazi kama la Walawi waliobeba sanduku (1 Nyakati 15:27). Mfalme alijifanya mmoja wa watumishi, na macho ya watu yakabaki mahali pake, kwenye sanduku.

JUMATANO
Mwanamke wa Dirishani

Soma 2 Samweli 6:16–23. Mikali alichukizwa na nini hasa?

Mikali hakuuliza habari za sanduku. Hoja yake yote ilikuwa heshima ya mfalme mbele ya vijakazi. Kwa maneno mengine, naye alihesabu umati, ila kwa kipimo cha pili: nani ametazama, nao wamesema nini. Daudi alimjibu kwamba alifanya hayo mbele za Bwana.

Binti Sauli hakuwa katika maandamano. Alitazama akiwa juu, kupitia dirisha. Kanisani pia kuna dirisha la namna hiyo. Mtu anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu ngoma, na bado moyo wake ukawa umekauka kwa dharau.

ALHAMISI
Mwili Unaoomba

Soma 1 Nyakati 25:1–7, 2 Nyakati 6:12, 13, Matendo 3:1–10.

Daudi yule yule aliyecheza njiani ndiye aliyepanga huduma ya nyumba ya Mungu. Aliweka waimbaji na wapigaji wa vinubi, vinanda na matoazi, wengine kwa majina. Hakuweka zamu ya wachezaji. Ukimya huo una uzito, na ni moja ya sababu zinazofanya Waadventista wasiingize ngoma katika ibada ya Sabato.

Hata hivyo Biblia haijui sala isiyo na mwili. Sulemani alipiga magoti mbele ya kusanyiko lote na kunyosha mikono. Yesu alianguka kifudifudi Gethsemane. Usukuma hauhitaji kufundishwa hili, kwa maana mtoto aliyelelewa vema hupiga magoti anapomwamkia mkubwa, na magoti yake husema kabla ya kinywa.

Kiwete wa mlango Mzuri aliomba akiwa ameketi. Aliporuka, alikuwa ameshapokea zaidi ya alichoomba, naye akaingia hekaluni akirukaruka na kumsifu Mungu. Petro na Yohana hawakumwambia atulie.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma habari za Daudi kuleta sanduku Yerusalemu katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii. Anaeleza kwamba furaha ya Daudi ilikuwa ya kicho, na kwamba haiwezi kutumiwa kutetea dansi za anasa.

Mwaka 1900, katika jimbo la Indiana, Marekani, baadhi ya Waadventista walifundisha kwamba mtu anaweza kupata mwili mtakatifu usio na dhambi. Katika mikutano yao ngoma kubwa ilipigwa na kelele zikapandishwa mpaka watu wakaanguka chini, na hilo likahesabiwa kuwa kazi ya Roho. Ellen White aliikemea hali hiyo kwenye Konferensi Kuu ya Aprili 1901, huko Battle Creek.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisheni mikutano ya Indiana na Karmeli. Je, kwaya, vipaza sauti au mahubiri ya sauti kubwa vinaweza kutumiwa kwa namna hiyo hiyo leo, hata pasipo mtu kucheza?

2. Kwaya mbili zinaalikwa katika mkutano wa makambi, na washiriki wanaanza kupima ipi imevuta watu zaidi. Mambo ya Bagalu na Bagika yamebaki wapi ndani ya kanisa?

3. Mama mmoja aliyecheza ngoma miaka mingi amebatizwa. Siku ya shukrani ya mavuno, mwanawe akiwa ametoka kupona, anapeleka sadaka mbele akipiga vigelegele na hatua zake zikifuata wimbo. Mzee wa kanisa anamtazama, na vijana wanamtazama mzee. Mzee afanye nini wakati ule, na amwambie nini mama huyo siku ya pili yake?