Mifupa ya Wazee Wetu na Majivuno ya Nasaba



Darasani kwangu hapa Shirimatunda, kijana mmoja alimkejeli mwenzake Mchaga: "Sisi ni Washirazi, nyinyi mmesilimu juzi tu." Nikafunga kitabu, nikawasomesha habari ya mifupa.

Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza matokeo ya kupima vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800.

Walikuta nini? Tangu yapata mwaka 1000, wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Kwa hiyo simulizi ya Washirazi si ngano tupu. Lakini wengi wa waliopimwa, zaidi ya nusu ya asili yao ni Afrika, hasa kwa upande wa mama. Na lugha iliyobaki ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, si Kiajemi.

Sasa, anayejivunia babu wa Shirazi amkane bibi yake? Surat Hujurat, aya ya 13, imeshatuwekea kipimo: ni uchamungu, si ukoo.

Kijana yule alimpa mwenzake mkono. Nasi watu wazima je?